Dawa ya lehemu haina 'kumaliza dozi': Kazi ya mfamasia baada ya mgonjwa kurudi nyumbani

Kwa Mtanzania wa kawaida, neno dozi lina mwanzo na mwisho. Dawa mseto ya malaria humezwa kwa siku tatu, kisha mgonjwa hutangaza kwamba amemaliza dozi. Dawa za kuua bakteria hutolewa kwa siku tano au saba, na watu wameaswa tangu utotoni wasizikatishe hata wakijisikia nafuu. Mazoea hayo ni mema na yameokoa wengi, lakini humponza mgonjwa wa aina moja: yule aliyetoka hospitalini na pakiti ya vidonge 30 vya kupunguza lehemu, akameza kimoja kila usiku kama alivyoelekezwa, vikaisha, naye akahesabu kuwa dozi imekwisha.

Haijaisha. Dawa anazopewa mgonjwa huyo, ambazo wataalamu huziita statini, hufanya kazi katika kipindi kile tu anachozimeza. Akiziacha, katika muda wa wiki chache kiwango cha lehemu katika damu hurejea kilipokuwa, bila homa, bila maumivu na bila dalili yoyote ya kumshtua. Daktari huenda asimwone tena mpaka miezi mitatu ipite. Mtu wa kwanza mwenye nafasi ya kugundua kwamba mambo yameharibika ni mfamasia aliyemkabidhi pakiti ya kwanza, ambaye angetarajia kumwona akirudi kuchukua ya pili. Swali ni kama mfamasia huyo anamngojea.

Lehemu, au kolesteroli kama wengi wanavyoiita, si sumu. Mwili wenyewe huitengeneza, hasa katika ini, na huitumia kujenga kuta za seli, kutengeneza homoni na nyongo. Kwa kuwa lehemu ni ya jamii ya mafuta na haiyeyuki katika damu, husafirishwa ndani ya vifurushi vya protini. Vifurushi vya aina ya LDL ndivyo vilivyopewa jina la lehemu mbaya, kwa sababu vikizidi hujipenyeza katika kuta za mishipa ya ateri na kuacha utando ambao huongezeka mwaka hadi mwaka. Utando huo ukipasuka damu huganda juu yake na kuziba njia. Ikitokea hivyo katika mshipa wa moyo, mtu hupata shambulio la moyo. Ikitokea katika mshipa wa ubongo, hupata kiharusi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2019 maradhi ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu wapatao milioni 17.9 duniani, zaidi ya robo tatu yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Maneno kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na matajiri yalipitwa na wakati zamani.

Statini huzuia kimeng'enya ambacho ini hukitegemea katika kutengeneza lehemu. Ini likijikuta limepungukiwa, huongeza vipokezi vyake na kuanza kuivuta LDL kutoka katika damu. Siri ya vipokezi hivyo ilifumbuliwa na Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Dawa yenyewe ilianzia Japani, ambako mwanasayansi Akira Endo, aliyefariki dunia mwaka 2024, alichunguza maelfu ya aina za kuvu mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka akapata ukungu wa jamii ya Penicillium uliokuwa na kemikali aliyoitafuta. Statini ya kwanza kuuzwa, lovastatin, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1987.

Shaka kubwa ya wakati ule ilikuwa kama kushusha lehemu kunaongeza kweli siku za mtu duniani. Jibu lilipatikana mwaka 1994 kutokana na utafiti uliofanyika katika nchi za Skandinavia kwa wagonjwa wa moyo 4,444. Nusu yao walipewa simvastatin na nusu vidonge visivyo na dawa, wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano. Waliokufa katika kundi la vidonge vitupu walikuwa 256. Katika kundi la dawa walikuwa 182. Tafiti nyingi zilizofuata, zilipokusanywa pamoja, zilionyesha kuwa kila LDL inaposhuka kwa milimoli moja kwa lita, matukio makubwa ya moyo na kiharusi hupungua kwa zaidi kidogo ya moja ya tano. Mwaka 2007 WHO iliiingiza simvastatin katika orodha yake ya dawa muhimu. Nayo atorvastatin, iliyokuwa ghali mno, ilianza kushuka bei baada ya hakimiliki yake kumalizika nchini Marekani mwaka 2011 na viwanda vingine kuruhusiwa kuitengeneza.

Kwa hiyo dawa ipo, ushahidi upo na bei imepungua. Kinachokosekana ni mtu wa kuimeza mwaka wa kwanza, wa pili na wa kumi. Ripoti ya WHO ya mwaka 2003 kuhusu tiba za muda mrefu ilieleza kuwa hata katika nchi zilizoendelea, ni nusu tu ya wagonjwa wa maradhi sugu wanaofuata tiba yao kama inavyotakiwa. Dawa za lehemu zina bahati mbaya zaidi kuliko nyingi, kwa kuwa hazimpi mgonjwa malipo yoyote anayoweza kuyahisi. Mwenye pumu huvuta dawa akapumua. Mwenye presha anaweza kupimwa katika famasi iliyo jirani na kuona namba zimeshuka. Mwenye lehemu nyingi hujisikia vile vile kabla ya dawa, wakati wa dawa na baada ya kuiacha. Akianza kuhisi chochote, aghalabu ni kibaya, na hapo lawama yote huangukia kidonge.

Malalamiko yanayotajwa zaidi ni maumivu ya misuli. Mgonjwa huanza dawa Jumatatu, Ijumaa mapaja yanauma, jirani anamwambia kuwa hata shemeji yake aliziacha kwa sababu hiyo hiyo, na pakiti inaishia kabatini. Watafiti wa Imperial College London waliamua kulichunguza jambo hili kwa njia ya pekee, na matokeo waliyoyatangaza mwaka 2020 yanastahili kujulikana na kila anayefanya kazi nyuma ya kaunta ya dawa.

Waliwachukua watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya maudhi yaliyowapata ndani ya wiki mbili za mwanzo. Kila mmoja alipewa chupa 12 za kutumia kwa mwaka mzima, moja kila mwezi: chupa nne zilikuwa na atorvastatin, nne zilikuwa na vidonge visivyo na dawa vinavyofanana na vile vya kweli, na nne hazikuwa na kitu. Mpangilio wa miezi ulichanganywa, na mtu hakuweza kujua vidonge vya mwezi husika ni vya aina gani. Kila siku alirekodi katika simu yake ukubwa wa maudhi aliyoyapata, kuanzia sifuri hadi 100. Katika miezi isiyo na kidonge chochote wastani ulikuwa 8.0. Katika miezi ya statini ulipanda hadi 16.3. Na katika miezi ya vidonge visivyo na dawa? Ulikuwa 15.4. Sehemu tisa katika kumi za usumbufu ambao watu hao waliuhusisha na dawa zilijitokeza vile vile walipomeza kidonge kitupu.

Ni rahisi kuyasoma vibaya matokeo hayo na kudhani kuwa wagonjwa walikuwa wakizua. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, na namba zao zinathibitisha hivyo. Kilichoyaleta ndicho kilichokuwa tofauti na walivyodhani: hofu ya kidonge, na ule uangalifu unaomfanya mtu aliyeonywa kuhusu miguu kuanza kuisikiliza miguu yake usiku kucha. Walipoonyeshwa matokeo yao wenyewe, mwezi kwa mwezi, nusu ya watu hao walirudi katika dawa. Hawakukaripiwa wala kutishwa na kifo. Walionyeshwa tu kilichotokea katika miili yao, na mtu aliyekuwa na muda wa kuwaeleza.

Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2022, uliojumuisha tafiti zenye washiriki zaidi ya 150,000, ulifikia hitimisho la karibu na hilo: kati ya malalamiko ya misuli yanayotolewa na watumiaji wa statini, zaidi ya asilimia 90 hayasababishwi na dawa hiyo, na yale machache yanayosababishwa nayo hutokea zaidi katika mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza, na hasa miezi yake ya mwanzo, ndiyo unaomhitaji mfamasia.

Hata hivyo mfamasia anayejibu kila lalamiko kwa kusema 'ni mawazo yako tu' ni hatari kuliko asiyejibu kabisa, kwa sababu yapo madhara yasiyo ya mawazo. Mwaka 2001 kampuni ya Bayer iliiondoa sokoni statini iitwayo cerivastatin baada ya vifo kadhaa vilivyohusishwa na kuvunjika kwa misuli, hali ambayo mabaki ya misuli huingia katika damu na kuziumiza figo. Wengi wa walioathirika walikuwa wakitumia vipimo vikubwa au wakiichanganya na dawa nyingine ya mafuta, gemfibrozil. Statini zilizobaki sokoni ni salama zaidi na ajali ya namna hiyo ni nadra sana, lakini mlango wake haujabadilika: ni dawa kukutana na dawa.

Hapa ndipo mfamasia anapokuwa na jambo ambalo huenda daktari hana. Mgonjwa anaweza kuandikiwa simvastatin katika kliniki ya moyo, amlodipine ya presha katika zahanati ya mtaani, na clarithromycin ya kifua na daktari wa tatu. Kila mmoja ameandika sahihi kwa kile alichokiona. Zikikutana tumboni, clarithromycin huzuia ini kuivunja simvastatin, nayo hurundikana katika damu. Ndiyo maana mgonjwa hutakiwa kusimamisha statini hiyo mpaka amalize dawa ya kifua. Amlodipine nayo hulazimu simvastatin isizidi miligramu 20 kwa siku. Fluconazole na erythromycin zimo katika orodha hiyo hiyo ya kutazamwa. Rifampicin, ya kifua kikuu, huweza kufanya kinyume na kuidhoofisha dawa ya lehemu. Tunda la balungi na maji yake, yakitumiwa kwa wingi, huongeza simvastatin na kwa kiasi fulani atorvastatin.

Kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi suala hili ni nyeti zaidi. Dolutegravir, iliyo katika tiba ya daraja la kwanza, haina ugomvi mkubwa na statini. Lakini anayetumia tiba ya daraja la pili yenye ritonavir hapaswi kabisa kupewa simvastatin wala lovastatin, ilhali zipo statini nyingine anazoweza kuzitumia kwa usalama chini ya uangalizi. Na huenda akazihitaji: utafiti uliotangazwa mwaka 2023, ukiwa na washiriki zaidi ya 7,700 katika nchi 12 ikiwamo Uganda, ulionyesha kuwa statini iitwayo pitavastatin ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35 miongoni mwa watu wenye virusi hivyo. Tatizo ni kwamba mgonjwa wa namna hii mara nyingi huchukua dawa za kufubaza virusi mahali pamoja na za moyo mahali pengine, na hupenda dirisha la pili lisijue habari za dirisha la kwanza. Mfamasia asiyejua namna ya kuuliza kwa faragha hataambiwa.

Vipo pia vidonge vya lishe vitokanavyo na mchele mwekundu uliochachushwa kwa ukungu. Wanaovitumia huviona ni vitu vya asili visivyo na kemikali, kumbe kiini chake ni kilekile cha lovastatin. Mtu anayemeza statini ya hospitali pamoja na vidonge hivyo anajiongezea dozi bila kujua.

Nchi iliyojaribu kuufanya usaidizi huu kuwa huduma rasmi, yenye utaratibu na malipo, ni Uingereza. Oktoba 2011 mfumo wa taifa wa afya huko England ulianzisha huduma ya dawa mpya katika famasi za mitaani. Mwanzoni ilihusu pumu na maradhi ya mapafu, kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na dawa za kuzuia damu kuganda. Septemba 2021 ilipanuliwa kwa maradhi mengine mengi, lehemu nyingi ikiwa mojawapo.

Utaratibu wenyewe hauna makuu. Siku mgonjwa anapochukua dawa kwa mara ya kwanza, mfamasia humweleza na kumwomba ridhaa ya kumfuatilia. Kati ya siku ya saba na ya 14 humwita katika chumba cha faragha ndani ya famasi, au humpigia simu, wakazungumza kuhusu mwanzo ulivyokwenda. Baada ya wiki mbili hadi tatu nyingine huzungumza tena. Mgonjwa halipi kitu; famasi hulipwa na serikali kwa kazi hiyo. Yaani mazungumzo matatu katika mwezi mmoja na siku kadhaa, ambacho ndicho kipindi watu wengi hufanya uamuzi wa kimya kimya wa kuendelea au kuacha.

Uzito wa huduma hii umo katika maswali. Tuchukue mfano wa mfamasia kijana na mzee aliyekuja kuongeza dawa. 'Shikamoo baba.' 'Marahaba.' 'Dawa unameza vizuri?' 'Namshukuru Mungu, vizuri.' Mazungumzo yamekwisha, adabu imezingatiwa, na hakuna kilichojulikana. Swali la namna hiyo lina jibu moja tu ambalo mtu mzima anaweza kulitoa mbele ya foleni. Wafamasia wa England huelekezwa kutanguliza kwanza kwamba kuruka dawa ni jambo linalowatokea wengi, ndipo waulize. Kwa Kiswahili lingekuwa hivi: 'Baba, dawa za kila siku zina usumbufu wake, na wengi huruka siku mbili tatu. Wiki hii kwako ilikuwaje?' Hapo mzee anaweza kusema: 'Kusema kweli mwanangu, tangu Jumapili sijameza. Miguu ilikuwa inauma, nikasema niupumzishe mwili.' Sasa kuna jambo la kushughulikia. Maumivu yalianza lini? Yako miguu yote miwili au mmoja? Alibeba mzigo? Ameongezewa dawa gani nyingine? Mkojo una rangi gani? Majibu ndiyo yataonyesha kama anahitaji kutulizwa, kubadilishiwa saa ya kumeza, au kuandikiwa barua ya kurudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Mara nyingine tatizo ni dogo kiasi cha kushangaza. Simvastatin humezwa usiku, kwa kuwa ini hutengeneza lehemu zaidi wakati huo na dawa hiyo haikai sana mwilini. Mgonjwa anayesinzia mapema mbele ya televisheni huisahau siku nne kwa wiki. Atorvastatin na rosuvastatin humezwa saa yoyote, hata asubuhi pamoja na dawa ya presha. Simu moja ya mfamasia kwa daktari, dawa ikabadilishwa, tatizo limekwisha. Hakuna kipimo cha maabara ambacho kingeligundua.

Je, mazungumzo haya yana faida inayopimika? Tathmini iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Nottingham, iliyochapishwa mwaka 2016, iliwagawa wagonjwa 504 wa famasi 46 katika makundi mawili. Baada ya wiki 10, asilimia 71 ya waliopata huduma hiyo walikuwa wakitumia dawa zao ipasavyo, dhidi ya asilimia 61 ya waliohudumiwa kama kawaida. Ikumbukwe kuwa wakati huo lehemu ilikuwa haijaingizwa, na kwamba wagonjwa walijieleza wenyewe. Si muujiza, lakini kumi katika mia kwa gharama ya mazungumzo matatu si haba.

Kuhusu lehemu yenyewe, utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2002 ulihusisha famasi 54 na wagonjwa 675 walio katika hatari kubwa ya maradhi ya moyo. Wafamasia waliwaelimisha, wakawapima na kuwasiliana na madaktari wao. Hatua za kuboresha udhibiti wa lehemu, kama kupimwa kikamilifu au kuandikiwa ama kuongezewa dawa, zilichukuliwa kwa asilimia 57 ya wagonjwa hao, dhidi ya asilimia 31 katika kundi la kawaida. Tofauti ilikuwa kubwa mno hata utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati.

Utafiti unaofundisha zaidi, hata hivyo, ni ule wa hospitali ya jeshi ya Walter Reed mjini Washington, uliochapishwa mwaka 2006. Wazee 200 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, kila mmoja akitumia dawa zisizopungua nne, walielimishwa na wafamasia, wakapangiwa vidonge katika pakiti za kila siku na kuonwa kila baada ya miezi miwili. Kabla ya hapo walikuwa wakimeza asilimia 61 ya dawa zao. Baada ya miezi sita walikuwa wakimeza asilimia 97. Ndipo watafiti walipofanya jambo la busara: nusu waliendelea kusaidiwa, nusu wakarudishwa katika huduma ya kawaida. Miezi sita baadaye waliosaidiwa walibaki kwenye asilimia 95 na ushei. Walioachwa walikuwa wameporomoka hadi 69, ingawa walikwisha kufundishwa kila kitu. Hawakuwa wamesahau maelezo. Walichopungukiwa ni yule mtu wa kuwaona kila baada ya miezi miwili.

Nchini Tanzania Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 ililikabidhi Baraza la Famasi jukumu la kusimamia taaluma hii, na famasi hutakiwa kuwa na mfamasia aliyesajiliwa anayeisimamia. Ni malalamiko ya siku nyingi kwamba katika baadhi ya maeneo msimamizi huyo yupo kwa cheti kilichotundikwa ukutani tu, na anayehudumia ni muuzaji mwenye kazi ya kuandika '1x1' kwenye pakiti na kupokea fedha. Hata pale mfamasia anapokuwapo, analipwa kwa boksi linalouzwa. Dakika 10 za kumsikiliza mzee anayeumwa miguu hazina mahali pa kuandikwa kwenye risiti. Tena mgonjwa mwenyewe mara nyingi hununua karatasi moja ya vidonge kumi kulingana na fedha aliyonayo, leo duka hili na kesho lile, kwa hiyo hakuna anayejua kwamba amepotea. Na dirisha la dawa la hospitali, lenye foleni inayopumua mgongoni, si mahali pa kukiri kitu.

Lakini itakuwa makosa kudhani kuwa ufuatiliaji wa aina hii ni jambo geni linalosubiri kuletwa kutoka England. Tangu dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zilipoanza kutolewa kwa wananchi mwaka 2004, vituo vya tiba na matunzo vimejenga utaratibu ule ule: ushauri kabla ya kuanza, tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi, kuhesabu vidonge vilivyobaki, msaidizi wa tiba kutoka nyumbani, na mtu wa kumtafuta asiyetokea. Watu wenye elimu ndogo na kipato kidogo wamemeza vidonge kila siku kwa miaka 20 bila kudai kumaliza dozi, kwa sababu tangu siku ya kwanza waliambiwa wazi kwamba hii ni dawa ya maisha na kwamba kuna anayewahesabia. Mgonjwa wa lehemu katika jengo la jirani la hospitali hiyo hiyo hupewa mfuko wa plastiki na maneno mawili.

Kwa anayetumia dawa hizi sasa, yapo mambo ambayo mfamasia yeyote anayepatikana anaweza kuulizwa bila miadi. Apelekewe dawa zote zilizo nyumbani, pamoja na za miti shamba na za lishe, zikiwa katika pakiti zake. Aulizwe kama statini iliyoandikwa ni ya usiku au ya saa yoyote. Aambiwe mapema kuhusu ujauzito unaopangwa, kwa sababu wanawake wengi hushauriwa kusimamisha dawa hizi katika kipindi hicho. Mwenye kisukari ajulishwe kwamba statini huweza kupandisha sukari kidogo, na kwamba kwa walio wengi kinga ya moyo huzidi hasara hiyo. Kipimo cha kwanza cha damu baada ya kuanza kwa kawaida hufanyika ndani ya miezi mitatu. Kikikuta LDL haijashuka, jambo la kwanza kuulizwa ni kama vidonge vilimezwa, kabla ya kuongeza nguvu ya dawa.

Maumivu makali ya misuli yanayoambatana na udhaifu wa mwili, homa au mkojo wenye rangi ya kahawa hayangoji famasi ifunguliwe. Mgonjwa asimamishe dawa na aende hospitali siku hiyo. Maudhi mengine yaelezwe kwa mfamasia, ambaye anaweza pia kuyaripoti kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Na aliyesahau kidonge cha jana usiku aendelee na cha leo kwa saa yake ya kawaida, asimeze viwili kwa pamoja kufidia.